Mama Alimpokea Léa

Jua lilikuwa linazama Léa aliponishusha kwenye uwanja wa ndege wa Bruxelles. Nilikuwa na masanduku mawili, kilo ishirini na tatu kila moja. Moja lilijaa zawadi za mama peke yake, zote kutoka kwa Léa. Tiketi alinilipia yeye. Likizo nzima ya mwezi mmoja alinilipia yeye, nami nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Léa ni mdogo wangu. Mimi ni Agnès, nimemtangulia kwa miaka minne. Kwa miaka kumi na moja, tangu aende Ulaya, mimi ndiye niliyebaki na mama kwetu Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi. Mimi humwogesha. Mimi humsongea bukari, ugali wetu, mimi hukesha naye homa ikipanda. Na kila akila samaki, mama husema, "Hii njo Léa alikuwa anapenda." Mgeni akija, anaonyeshwa picha za Léa. Mimi natumwa kuleta kiti.

"Ya Agnès," Léa aliniambia tukiagana, kwa heshima ya yaya, yaani dada mkubwa, "umuambie mama niko namupenda."

Nikamwambia sawa. Ndani ya sakoshi yangu ya mkononi kulikuwa na kitambaa cha kichwa nilichomwibia asubuhi ile. Mama alikivaa siku ya ndoa yake. Binti mkubwa ndiye hupewa kitu kama hicho. Mama alimpa Léa.

Ndani ya ndege, kwenye kiti cha dirishani, jirani na changu, alikaa mama mmoja mnene, amevaa pagne nyeusi, kitenge cha kwetu. Alinisalimia kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, nikafurahi. Alikuwa anatafuna kitu polepole. Kra... kra... kama mchele mbichi. Nilisikia harufu ya udongo uliotoka kulowa mvua, humo ndani, juu ya mawingu.

Chakula kilipita. Taa zilizimwa. Watu wakalala.

Yule mama hakulala. Aliniuliza nimetoka kwa nani, nikamwambia kwa mdogo wangu. Akauliza kama mdogo wangu anaishi vizuri. Nikaanza kueleza, na maneno yakanitoka kama maji ya bomba lililopasuka: nyumba yake, mume wake, watoto wake wanaoimba Kifaransa, mama yetu anayebusu simu. Alisikiliza huku anatafuna.

Kisha akanong'ona, "Ile kitambaa, uitoshe mu sakoshi."

Sikuwa nimemtajia kitambaa.

Mikono yangu ilikitoa yenyewe. Akakipokea, akakinusa, akanifunga kichwani taratibu kama mama anayemtayarisha mtoto kwenda kanisani. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Unataka nini ya mudogo yako?"

Nilijua ni swali la kukimbia. Nilijua. Lakini ndani ya ndege utakimbilia wapi? Na ukweli ni kwamba sikutaka kukimbia.

"Mama anipende vile anamupendaka yeye," nikasema.

"Ukiingia mu nafasi yake, ya kwako itabaki wazi. Nani ataikala?"

"Hata nani."

Akaacha kutafuna.

Akameza.

Tulishuka Addis-Abeba alfajiri. Nilikuwa nangoja ndege ya Lubumbashi niliposikia kipaza sauti kinaita jina langu, jina lote, hata la ukoo. Nikasimama. Mbele yangu, kwenye mlango wa safari nyingine, yule mama mwenye pagne nyeusi aliinua mkono. Akaitika. Akapita... Nilifungua pasipoti yangu: jina lilikuwamo. Nikajiambia dunia ina Agnès wengi.

Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, nilifika mchana. Mdogo wetu wa mwisho, Paulin, alinipokea vizuri, akanitania nimenenepa. Njiani nilianza kucheka mwenyewe kwa woga wangu wa usiku.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Aliponiona akasimama bila fimbo, mtu ambaye mimi ndiye humwinua kila asubuhi. Alinishika uso kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka.

"Léa," akasema. "Léa wangu, umerudia."

Nilipaswa kumsahihisha pale pale. Paulin alijaribu. Mimi nilifumba macho, nikaiacha ile mikono usoni mwangu. Hakuwahi kunishika hivyo.

Siku tatu nilikula mapenzi ambayo hayakuwa yangu. Daktari alisema ni uzee, kichwa kinaanza kusahau, na nilimwamini kwa sababu nilitaka. Siku ya nne Léa alinipigia akilia. Mama alikuwa amemkatia simu, akimwambia hamjui, aache kusumbua watu. Léa akaniuliza kama nimeona kitambaa chake, maana anakitafuta na hakioni. Ukweli ulinifika kwenye ulimi.

Nikasema sijakiona.

Jioni hiyo mama aliacha chakula. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama Agnès aliteseka kabla ya kufa.

Nilivua kile kitambaa. Nikaleta kadi yangu ya uchaguzi yenye picha, nikapiga magoti mbele yake. "Mama, ni miye Agnès. Niangalie."

Aliniangalia kwa huruma. "Usichezee jina ya muntu alikufa, Léa."

Kitambaa nilikichoma nyuma ya jikoni. Kiliwaka kikaisha, na hakuna kilichobadilika.

Jumapili mama alitaka twende misa. Paulin aliwasha gari, akageuka, akaniambia nifunge mkanda. "Ya Léa," aliniita. Nikangoja acheke. Hakucheka. Akanyoosha mkono, akanifungia mkanda yeye mwenyewe.

Kanisani, msomaji alisoma majina ya marehemu wanaoombewa. La tatu lilikuwa langu, jina lote, hata la ukoo. Wanawake wa kwaya, ambao nimeimba nao miaka tisa, waligeuka wakanipa mkono mmoja mmoja. "Pole, Léa. Pole kwa yaya yako."

Mama alilia mpaka mabega yakatikisika. Sijawahi kumwona akimlilia mtu hivyo, hata baba. Nikamkumbatia. Akaegemea sikio langu.

"Weye uko mutoto muzuri," alinong'ona. "Lakini Agnès... ule njo nilikuwa napenda kupita bote. Sikumuambiaka hata siku moja."

Nilikaa pale kwenye benchi, mkono wake ndani ya wangu, nikamsikiliza akiliita jina lile tena na tena kwa sauti niliyoingoja maisha yangu yote.

Na moyoni, polepole, nikaanza kumwonea wivu Agnès.