Nusu ya Hatua

Kila alasiri alipotoka shule, Tusajigwe alipitia karakana ya hospitali ya misheni, pembeni mwa mji wa Mbeya. Humo baba yake mdogo, Fundi Sedekia, alitengeneza mitambo ya hospitali. Tusajigwe alifagia, akapanga bisibisi, kisha akapewa hesabu za kupiga ubaoni, maana darasa la saba hakukuwa na aliyemshinda kwa hesabu.

Masika hayo ya mwaka 1974 mvua ilikuwa imeharibu barabara. Gari la dawa kutoka Iringa halikuwa limefika, wagonjwa walisubiri, na redio ya mawasiliano ya hospitali ilikuwa bubu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Sedekia. "Ndani ya redio hii mna kapasita, yaani kopo linalotunza umeme hata jenereta likizimwa. Lina volti mia sita. Kila sekunde hupungua sehemu moja ya sitini ya volti zilizobaki. Nataka kujua nisubiri muda gani kabla ya kuingiza mkono. Kipimo chetu cha volti kiko Iringa kwa matengenezo, kwa hiyo nategemea hesabu yako."

"Sawa, baba mdogo."

"Gawa muda kwa hatua, na ndani ya kila hatua chukulia kasi ni ileile ya mwanzo wake; kisha rudia kwa nusu ya hatua hiyo. Majibu yakikaribiana, tuyaamini. Yakiachana, punguza hatua tena."

Tusajigwe alichagua hatua ya dakika nzima. Sehemu moja ya sitini ya mia sita ni kumi. Kumi kila sekunde, kwa sekunde sitini, ni mia sita. Basi volti zote zimekwisha! Alifurahi kuona hesabu imekuwa fupi.

Damari, rafiki yake, alichungulia dirishani. "We fundi waya! Kwaya inaanza. Au leo utaimba na bisibisi?"

Tusajigwe akaandika kwa chaki juu ya kasha la redio: DAKIKA MOJA.

"Umerudia kwa nusu?" aliuliza Sedekia.

"Nimerudia," alijibu, macho yake yakiwa kwenye ufagio.

Uwanjani mwa kanisa la misheni, jirani na karakana, wenzake waliimba, lakini yeye hakuimba. Neno lile "nimerudia" lilimsumbua. Akachuchumaa, akaokota kijiti, akaanza kuandika ardhini. Nusu dakika ya kwanza: zinatoka mia tatu, zinabaki mia tatu. Sasa sehemu moja ya sitini si kumi tena, ni tano. Nusu dakika ya pili: zinatoka mia moja na hamsini. Zinabaki mia moja na hamsini!

Akaduwaa. Umeme ulikuwa ukipunguza mwendo kadiri ulivyopungua, naye alikuwa ameuhesabu kana kwamba unakimbia vilevile hadi mwisho.

Papo hapo ngurumo ya jenereta ikakatika. Baba mdogo alikuwa amezima. Alikuwa akisubiri dakika moja.

Tusajigwe alitimua mbio.

"We! Umeona nyoka?" alipiga kelele Damari.

Hakujibu. Aliteleza kwenye tope, akaanguka, akainuka. "Ee Mungu, mzuie," aliomba huku akihema. Mlangoni alimwona Sedekia amefumba macho, akisali kama kawaida yake kabla ya kugusa mtambo. Sedekia akafumbua macho, akatazama saa, akanyoosha mkono wenye waya mtupu wa kumalizia umeme uliobaki.

"Usiguse, baba mdogo! Nimekudanganya!"

Sedekia alishtuka, akarudisha mkono nyuma. Waya ulimponyoka, ukaangukia kopo. *Paa!* Cheche ya buluu ikaruka, harufu ya kuungua ikajaa chumbani.

Sedekia alitazama vidole vyake.

"Asante, Bwana," alinong'ona. Kisha, umeme wa kopo ukiwa umekwisha kwa cheche ile, akakaza skrubu iliyobaki ya redio, akawasha jenereta na kuita. Baada ya mikwaruzo, sauti ya Iringa ikaitika: gari la dawa lilikuwa limevuka tope, lingefika kesho.

Ndipo alipomgeukia Tusajigwe, aliyekuwa akilia.

"Mwanangu, hatua kubwa kukosea si ajabu. Ndiyo maana tunarudia. Kilichotaka kuniua leo si hesabu, ni neno 'nimerudia'. Kazi usiyoifanya, sema hujaifanya. Mwenzako anaweka mkono wake juu ya neno lako."

Akafuta maandishi ya chaki kwenye kasha. "Redio hii itafunguliwa tena na wengine. Anza upya. Mwanzoni umeme unaposhuka kwa kasi, tumia hatua ndogo. Umeme ukianza kutambaa, unaweza kurefusha hatua."

Tusajigwe alihesabu kwa sekunde kumi kumi: mia tano, kisha kama mia nne na kumi na saba, na kuendelea. Jua lilipokuwa likielekea kuzama, alipata kuwa mtu akisubiri dakika tano atakuwa salama.

"Umerudia kwa nusu?" aliuliza Sedekia.

Damari alikuwa akimsubiri mlangoni. Tusajigwe aliinua uso, akamtazama fundi machoni.

"Bado, baba mdogo."

Sedekia akatabasamu, akampa kipande kingine cha chaki. "Sasa nakuamini. Rudia."