Kibao cha Majina Matano

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumamosi, Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya ukuta wa ukumbi wa shule akavuta kamba ya pazia. Alikuwa anafanya mazoezi tu. Mgeni rasmi angekuja kuivuta kamba hiyohiyo saa nane mchana, mbele ya watu mia mbili, na Mwalimu Mkuu hakutaka pazia limkwamie mkubwa wa watu mkononi. Pazia halikukwama. Lilifunguka vizuri, likaonyesha ukuta mtupu wenye matundu manne.

Inspekta alifika saa tatu na dakika ishirini. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na miwili, na kituoni walimsifu kwamba huuliza maswali kwa upole hadi mtu anatamani angepigwa kofi yakaisha.

"Kibao cha ukumbusho," alisema Mwalimu Mkuu huku akijifuta jasho. "Cha wale watano wa Redio ya Majina. Kwa nini leo, jamani? Kwa nini leo?"

Inspekta hakuhitaji kuelezwa Redio ya Majina ni nini. Mji mzima uliijua habari hiyo. Wakati wa vita, shule hii ilipogeuzwa hospitali, wanafunzi wa Kidato cha Nne hawakwenda kukaa makwao wakangoja ya Mungu. Walichana mashuka wakakunja bendeji, walichimba mahandaki, walichota maji. Na baadhi yao, katika stoo nyuma ya maabara, walifufua redio mbovu. Kila jioni saa moja kituo cha mbali kilisoma majina ya watu waliopatikana kambini wakiwa hai. Wanafunzi waliyaandika, kisha wakapita nyumba kwa nyumba kuwapa watu habari za ndugu zao. Majina mia tatu na kumi na mawili, katika miezi saba. Mama mzazi wa Inspekta alikuwa mmoja wa wanafunzi hao, na Inspekta alikua akijivunia hilo kuliko nyota za mabegani mwake.

Chini ya ukuta, juu ya kizingiti cha dirisha, palikuwa na kipande cha kadibodi kilichokatwa kutoka boksi la dawa ya presha. Kilichomekwa skrubu nne, kila moja kwenye kona yake, kama zilivyokaa ukutani. Kona moja ya kadibodi ilikuwa imekatwa kwa mkasi.

"Mwizi mwenye adabu," alisema Inspekta. "Ameiba kibao, ametunza skrubu."

"Adabu gani! Shaba tupu ile," Mwalimu Mkuu alifoka. "Inayeyushwa sasa hivi. Na huyu mlinzi wangu atanieleza alikuwa amelala wapi."

Mlinzi hakuwa amelala. Alikuwa na daftari la getini, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa Mwalimu Mkuu.

"Jana Ijumaa kibao kilifungwa saa nane mchana," alisoma. "Saa kumi kamili Mwalimu Mkuu alikikagua, akatoka. Saa kumi na nusu akaja fundi wa pazia. Ni mama yako mwenyewe, afande, nilimpa shikamoo yake. Alitundika pazia, akatoka saa kumi na moja na mfuko wake wa kushonea. Saa kumi na moja na robo akaja fundi redio kufunga spika. Akatoka saa kumi na mbili na sanduku kubwa, mimi hata ningeingia humo. Baada ya hapo ukumbi ulifungwa, na ufunguo anao Mwalimu Mkuu."

"Ulilipekua hilo sanduku?"

"Afande, yule mzee mimi ndiye ninayempelekea redio yangu. Nimpekueje?"

Inspekta aliandika: *sanduku la spika*. Kuhusu mfuko wa kushonea hakuandika kitu. Shaba ya ukubwa ule ilikuwa mzigo wa kilo kumi na kitu, na mama yake alikuwa na goti linalomuuma hata akibeba kilo ya sukari.

Saa nne akafika mwenyekiti wa kamati ya waliosoma hapo wakati wa vita. Utotoni walimwita Jenerali, kwa sababu ya amri nyingi, na mpaka leo alikuwa hajawahi kushika bunduki. Alivaa suti ya kahawia iliyopigwa pasi hadi ikaogopesha.

"Msisumbuke," alisema. "Ni Waya."

"Waya nani?"

"Fundi redio. Alikuwa nasi darasani. Wakati wa vita aliiba betri ya gari la kamanda, akafukuzwa shule. Hakufanya hata mtihani. Mwizi wa betri hawezi kuandikwa kwenye kibao, nimelisema kwenye vikao vitatu. Sasa amelipiza. Mwenye kovu usidhani kapoa."

Inspekta akamwonyesha kadibodi. Uso wa Jenerali ulibadilika, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa kupendeka.

"Loo! Mwalimu wetu wa fizikia," alisema taratibu. "Skrubu hazikuwa zinapatikana, mwanangu. Ukipoteza moja, redio imekufa. Basi alitufundisha: ukifungua kitu, chora umbo lake kwenye kadibodi, kila skrubu ichomeke mahali pake. Na kila mtu aweke alama yake juu, kadi zisichanganyike mezani. Mimi niliandika JUU kwa herufi kubwa." Akacheka. "Tulikuwa watoto wa miaka kumi na saba, lakini redio ikiingia stoo imekufa inatoka inaimba. Hebu nitafutie watoto kama wale leo!"

"Na wengine waliweka alama gani?"

"Miaka arobaini na minane, mwanangu. Nitakumbuka ya nani?"

Inspekta alipokuwa akitoka, Mwalimu Mkuu alimvuta kando ya mlango.

"Kuna jambo dogo," alinong'ona. "Ile si shaba."

"Umesema shaba tupu."

"Kwenye barua za mwaliko ndiyo. Shaba haikupatikana. Mchongaji akatoa alumini, akaipaka rangi ya dhahabu. Ni nyepesi, kama sinia la chai. Anajua yeye, najua mimi, na sasa wewe. Tafadhali usinivue nguo mbele ya mgeni rasmi."

Saa tano na dakika tano Inspekta aliingia kwenye kibanda cha fundi redio. Kilikuwa chembamba, kinanukia risasi ya kulehemu, na ukutani zilining'inia kadibodi zisizopungua thelathini, kila moja na skrubu zake. Inspekta alizipitia moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na kona nne kamili. Juu ya kila moja palikuwa na nukta ya wino mwekundu.

Waya alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Redio au polisi?"

"Polisi. Kibao cha ukumbini kimeibwa." Akaiweka kadibodi mezani.

Waya aliitazama. Aliigeuza, akapitisha kidole pale kona ilipokatwa, akakaa na kidole chake hapohapo. Kisha akavua miwani yote miwili.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe?"

"Mimi. Nilipokuja kufunga spika. Nimeshaiyeyusha shaba yote, usiitafute."

"Ilikuwa nzito?"

"Eh! Mkono mpaka leo unauma. Andika tu, nitie sahihi."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko kibanda chenyewe. Waya hakuwahi kukigusa kibao kile.

"Mzee," alisema Inspekta, "ukitia sahihi, jioni mji mzima utakuita mwizi. Mara ya pili."

"Nimelizoea hilo jina. Kuna mtu halijui, na kwa umri huu sitaki alijue."

Inspekta alitoka nje akasimama juani. Waya alikuwa anamkinga mtu, na alimjua mtu huyo kwa kupapasa kona ya kadibodi. Basi ni mmoja wa stoo ile. Kwenye kibao kulikuwa na majina matano ya utani, yale ya shuleni. Miwani na Kengele walishatangulia mbele ya haki. Dawati alikuwa nchi za mbali kwa wajukuu. Jenerali angeandika JUU, tena kwa herufi kubwa. Alibaki wa tano.

Akakumbuka kopo la biskuti chini ya cherehani ya mama yake. Akiwa na miaka sita alilifungua akitafuta biskuti, akakuta vikadibodi vya skrubu, akavichomoa akachezea. Alichapwa siku ile, yeye ambaye nyumbani kwao alikuwa hachapwi. Vile vikadibodi vilikuwa na kona moja iliyokatwa kwa mkasi. Tangu asubuhi macho yalikuwa yameiona kadi, na moyo ulikuwa umekataa kuitambua. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu alikuwa ndiye mshonaji wa nguo zenyewe.

Nyumbani hakumkuta. Jirani alisema mama ameshatangulia shuleni, amepitia kwanza kwa fundi mihuri.

Saa saba na nusu, ukumbini viti vilikuwa vimepangwa na wageni walikuwa bado nje. Inspekta aliwakusanya wanne mbele ya pazia: Mwalimu Mkuu, Jenerali, Waya, na mama yake, aliyekaa kwenye kiti cha mbele na mfuko wa kushonea mapajani. Shuleni walimwita Sindano.

"Mwizi amekiri," Jenerali alisema. "Tunangoja nini?"

"Amekiri kuyeyusha shaba," alisema Inspekta. "Mwalimu Mkuu, kibao kilikuwa cha shaba?"

Mwalimu Mkuu aliangalia dari. "Alumini," alisema.

"Alumini, tena nyepesi. Inaingia kwenye mfuko wa mtu yeyote, hata mwenye goti bovu. Aliyekichukua alikitoa kabla ya saa kumi na moja, kisha akatundika pazia mbele ya ukuta mtupu ili pasitazamwe mpaka leo saa nane. Na kwa sababu alifundishwa vizuri, hakuweza kuzitupa skrubu hata kama alitaka. Mkono ulizipanga wenyewe." Akamgeukia mama yake. "Mama. Hiyo kona umeikata kwa mkasi wako."

"Ni mimi, nimeshasema!" Waya alifoka. "Afande, nifunge pingu tumalize."

"Nyamaza, wewe," alisema Sindano bila kugeuka. "Zamu yako ilishapita."

Akasimama. Goti lililia, naye hakulijali.

"Mwanangu umesoma vizuri, umeacha moja tu. Betri ya gari haibebwi na mtoto mmoja. Niulize mimi, niliishika upande wa pili. Redio ilikuwa imezima siku tatu. Tuliibeba mimi na Waya, na huyu Jenerali ndiye aliyetufungulia mlango wa stoo. Saa moja ikawaka. Jina la kumi na saba jioni ile lilikuwa la baba yangu. Babu yako, aliyekufundisha kusoma saa."

Inspekta alifunga daftari lake.

"Asubuhi kamanda akatupanga uwanjani, darasa zima. Nani ameiba? Waya akatoka mstarini peke yake. Nasi tukatazama viatu vyetu. Mimi nilikuwa nimempata baba yangu tangu jana yake, na bado nilitazama viatu. Nimeandika barua tatu kwenye kamati. Nikajibiwa kwamba aliyefukuzwa si mwenzetu. Ndiyo nikakichukua. Nilitaka nikirudishe leo saa saba, kabla ya watu, lakini nani alijua Mwalimu Mkuu anafanyia mazoezi kamba!"

Akafungua mfuko akatoa kibao. Fundi mihuri hakuwa na herufi zinazofanana, kwa hiyo jina la sita lilikuwa kubwa kidogo kuliko mengine, na lilikaa juu kabisa, pale penye nafasi: Jenerali, Sindano, Miwani, Dawati, Kengele, na juu yao WAYA.

Kila mtu alimtazama Jenerali. Alikitazama kibao muda mrefu. Suti yake ilionekana kubwa ghafla.

"Mlango nilifungua mimi," alisema hatimaye. "Ni kweli. Na tangu siku ile nimekuwa natoa amri nyingi ili nisiulizwe." Akamgeukia Waya. "Ndugu yangu, ulisimama kwa ajili yetu. Leo saa nane nitasema mimi mwenyewe, kwa hizo spika zako, mbele ya wote."

Waya alikuwa analia, na hakujificha. "Sema karibu na maikrofoni," alisema. "Ukiwa mbali inakoroma."

Inspekta alifungua daftari lake. "Mwalimu Mkuu, wewe ndiye mlalamikaji. Unalalamikia nini?"

Mwalimu Mkuu alisoma kibao tena toka juu hadi chini. "Mimi? Nimevuta pazia mapema," alisema. "Nalalamikia nini?"

Zilibaki dakika kumi na tano. Waya aliomba bisibisi, akachukua ile kadibodi yenye kona iliyokatwa, akazichomoa skrubu moja moja na kuirudisha kila moja kwenye tundu lake. Sindano alikishika kibao upande wa pili mpaka kikakazika. Inspekta aliwatazama migongo yao miwili, na fahari aliyoisikia kifuani ilikuwa kubwa kuliko ile aliyokua nayo.

Jioni aliandika ripoti yake kituoni, na ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuandika. *Kibao kimerudishwa saa saba na dakika hamsini na tano. Hakuna kilichopungua. Limeongezeka jina moja.*