Barua ya Mikono Inayotetemeka

"Nani aliyewaambia mikono yangu inatetemeka?"

Msimamizi alikuwa ameshika tupa, analainisha ukingo wa mguu wa bandia. Swali lilimfikia, lakini akazidi kuukodolea macho ule mguu, utadhani ndio ungemjibia.

"Mikono gani tena, mpenzi?"

"Hii hapa." Dada Miguu alimnyooshea viganja vyote viwili, vyeupe kwa plasta hadi viwikoni. "Itazame vizuri. Inatetemeka?"

Haikutetemeka. Wagonjwa ndio waliompa jina hilo la Dada Miguu, na wengine walikuwa tayari kungoja mchana kutwa ilimradi wapimwe na yeye. Msimamizi alikuwa mkuu wa karakana ya viungo bandia ya hospitali, na pia mchumba wake. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Dada Miguu alijifuta vidole, akatoa simu, akasoma kwa sauti:

"'Habari. Mmoja wa waliochaguliwa amejitoa, na wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Kabla ya kukupa nafasi, tunaomba cheti cha daktari kuhusu tatizo la mikono alilolitaja mkuu wako wa kazi. Mwisho ni leo saa kumi kamili. Mratibu.'"

Mpango wenyewe pale karakana ulijulikana na kila mtu. Kila mwaka huchukua vijana wenye taaluma zao, ukawafadhili kwenda kufanya kazi nje ya nchi mwaka mzima, warudi na ujuzi. Mwombaji hujaza fomu, na mkuu wake huandika barua yake kando na kuituma mwenyewe. Mwombaji haioni kamwe. Miezi minne nyuma Dada Miguu aliomba, jina halikutoka. Alilia siku mbili, na kifua alichokililia kilikuwa cha Msimamizi.

"Ukanipigapiga mgongoni," alisema. "Ukaniambia, 'Ni bahati tu, mama, usijali.' Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Na barua ulikuwa umeshaituma."

"Nilikuwa nimeshaituma."

"Uliandika nini? Nataka neno kwa neno."

"Niliandika kwamba wewe ni fundi mzuri sana. Ila... mikono yako hutetemeka ukiwa na wasiwasi."

"Uliiona wapi ikitetemeka?"

Msimamizi aliweka tupa chini.

"Siku nilipokuvisha pete."

Mzee wa Ngozi, yule anayeshona mikanda ya miguu pale dirishani, mtu asiyeishiwa utani, aliacha sindano hewani.

Miezi yote minne Msimamizi alikuwa akijifariji kwamba hakusema uongo. Si ilitetemeka kweli? Si Dada Miguu mwenyewe siku ile alicheka akasema, "Nishike, nitaanguka"? Sasa, akiyasikia maneno yake yakitoka kinywani mwake, aliona alichofanya. Aliichukua siku yao nzuri kuliko zote akaigeuza ushahidi dhidi ya mchumba wake. Alijuta.

"Kwa nini?" Dada Miguu aliuliza.

"Niliogopa hutarudi."

"Nilishakwambia sitarudi?"

"Hapana."

"Uliniuliza?"

"Sikuuliza. Lakini sikiliza, mama. Tukishaoana utaomba tena, na safari hii nitaandika barua ambayo..."

"Mwezi ujao natimiza thelathini na moja. Wao mwisho wao thelathini. Iliandikwa kwenye fomu, na fomu uliitia sahihi wewe."

Mzee wa Ngozi alikohoa.

"Mkubwa, mimi kazi yangu kushona mikanda, ya wachumba siyajui. Ila saa ni tisa kasoro. Na daktari wa mishipa wa kuandika hicho cheti harudi hadi kesho kutwa."

Dada Miguu aliweka simu juu ya meza, katikati ya vumbi la plasta.

"Mpigie mratibu. Weka sauti ya nje. Mwambie ulichofanya."

Msimamizi aliitazama ile simu. Alijua cheo kingeweza kwenda na maji, lakini si hilo lililomfunga ulimi. Akipiga, mpenzi wake anaondoka. Asipopiga, atakuwa naye kila asubuhi meza ya pili, anachonga miguu bila kumwangalia usoni. Akapiga.

"Haloo, mratibu hapa."

"Mimi ni mkuu wa karakana ya viungo bandia. Nimepiga kuhusu ile barua yangu. Yule fundi hana tatizo lolote la mikono."

"Mbona uliandika analo?"

"Ni mchumba wangu. Sikutaka aende."

Mratibu alisikika akifungua faili.

"Unajua itabidi nimwandikie mkurugenzi wenu?"

"Najua. Mwandikie."

"Basi na wewe niandikie hayo hayo, utie sahihi, yanifikie kabla ya saa kumi. Mwenzako afunge mizigo. Safari ni baada ya siku tisa."

Dada Miguu hakuruka wala hakupiga vigelegele. Alikwenda kwenye sinki akanawa plasta, kidole kimoja kimoja. Pete hakuwahi kuivaa kazini, plasta ingeiharibu. Huining'iniza kwa pini ndani ya aproni. Akaifungua ile pini.

"Harusi tunaisogeza tu, si ndiyo?" Msimamizi aliuliza. "Nitakusubiri. Kwani mwaka ni nini?"

"Ungeniambia hivyo miezi minne iliyopita, ningekwenda nimeivaa."

"Nisamehe."

"Huenda nikakusamehe. Kuolewa na wewe ndiko siwezi. Kila nitakapotetemeka mbele yako, nikiugua, nikizaa, nikifiwa, nitajiuliza safari hii unakwenda kuandika wapi."

Akamnyooshea pete. Msimamizi alipokea vibaya, ikamponyoka, ikabingirika hadi chini ya meza. Alipiga magoti akaitafuta kwenye vumbi, akapapasa huku na huku. Alipoinuka nayo, aproni ilikuwa inaning'inia msumarini, na sauti ya Dada Miguu ilisikika ukumbini, akimpigia simu shangazi aliyemlea.

"Shangazi, keti kwanza. Umeketi? Nimepata. Ndiyo, ile ile... Harusi? Harusi haipo, shangazi. Nitakuja nikueleze."

Kisha kilio, au kicheko. Pale ndani hawakuweza kutofautisha.

Msimamizi aliketi, akavuta karatasi na kalamu. Aliandika tarehe, akaikata, akaiandika tena.

"Mzee," alisema bila kuinua kichwa. "Hebu njoo unishikie karatasi. Mkono haukai."