Chini ya Daraja la Tatu

Jua lilikuwa linazama mshona sare alipopanda boti ya matembezi pamoja na mdogo wake. Abiria wengine walipiga picha za maghorofa. Yeye aliyakodolea macho maji. Siku ishirini zilizopita binti yake wa pekee, wa miaka tisa, aliteleza kutoka kwenye boti hiyohiyo. Wapiga mbizi walitafuta mpaka wakakata tamaa. Hata kiatu hawakuona.

Mdogo wake alidhani wamekuja kumuaga marehemu. Habari za mganga hakuambiwa.

"Mto hautoi bila kupewa," mganga alikuwa amenong'ona. "Chini ya daraja la tatu utaulizwa. Jibu upesi. Ukinyamaza, mto utajichagulia wenyewe."

Jibu alikuwa nalo. Mimi.

"Dada, unatetemeka," mdogo wake alisema, akamfunika mtandio wake. "Jikaze. Mwachie Mungu."

Daraja la kwanza likapita. La pili. Mwongoza wageni akatania kwenye kipaza sauti kwamba la tatu limemzidi bibi yake umri, ila lenyewe halilalamikii magoti. Watu wakacheka.

Kisha kivuli cha daraja kikawameza.

Injini ikanyamaza. Vicheko navyo. Harufu ya tope bichi ikapanda... na mkono mdogo, wa baridi, ukajipenyeza kiganjani mwake.

"Mama..."

"Mwanangu!"

"Wanauliza. Nani anabaki?"

Neno lilifika ncha ya ulimi. Likakwama. Macho yake... macho yake yakamgeukia mdogo wake.

Mara moja tu.

Chubwi!

Mwanga ukarudi. Mtoto alikuwa ameketi kando yake, gauni likichuruzika maji. Upande wa pili, kiti kitupu.

"Mdogo wangu yuko wapi?" alipiga yowe. "Simamisheni boti!"

Mwongoza wageni alimtazama kwa huruma. "Mama, mlipanda wawili tu. Wewe na mtoto."

Nyumbani alimkausha kwa taulo, akambadilisha nguo, akamkausha tena. Nywele ziliendelea kudondosha maji.

Simu ikaita.

"Shemeji, mke wangu bado yuko nawe?" Nyuma yake kichanga kililia kwa nguvu. "Huyu anataka kunyonya, nimeshindwa kumbembeleza."

Kabla hajajibu, binti yake aliusogeza uso wake kwenye simu.

"Mleteni mtoni," alisema taratibu. "Mama mdogo anamsubiri."

Kwenye simu, kilio kikakatika ghafla.