Mkate wa Doniyor

Mkate ule uling'atwa mara moja tu, na sasa ulikuwa na alama mbili za kung'atwa.

Fundi Tolqin alikuwa ameushusha msumarini ili apige plasta ukuta. Doniyor ndiye aliyeung'ata, asubuhi ya kwenda Urusi kubeba zege, kama ang'atavyo kila kijana wa Margilon, mji wa Uzbekistan, anayesafiri. Mama yake, Hosiyat, akautundika ili aje aumalize mwenyewe akirudi. Hayo yalikuwa mwaka juzi. Chumba alichokitengeneza fundi kilikuwa cha Doniyor na mchumba wake, pesa zilikuwa za Doniyor, na bajeti ilikuwa ya mama: dari ya jipsamu ya tabaka tatu, kwa kuwa jirani anayo ya mbili.

"Panya," alisema Muattar, dada yake Doniyor.

"Panya mwenye mwanya?" fundi akatania. Mtaa mzima ulimjua mwenye mwanya: Doniyor.

Hosiyat alicheka. "Mwanangu yu njiani huyo. Rudisha mkate wangu, we fundi. Plasta utaipiga kuuzunguka."

Simu ya Doniyor haikuwa ikipatikana kwa wiki nzima.

Kuanzia siku hiyo, kila adhuhuri, jua limesimama na nyumba imelala, ilisikika sauti ya kutafuna kule chumbani, taratibu, kama ya mgeni mwenye njaa anayejizuia kwa adabu, na harufu ya mkate wa tanuri ikatambaa hadi uani, na ndani ya harufu hiyo ubaridi wa theluji, katikati ya Julai, na kila walipochungulia hapakuwa na mtu, ila mkate ulikuwa umepungua.

Wakamwita Bibi Oyhon, mganga, akafukiza.

"Hilo ni jini, Hosiyat. Si mwanao. Limevaa njaa yake tu."

"Na njaa yake limeiokota wapi?"

Bibi Oyhon akashughulika na moshi wake.

Jibu lilikuja kwa simu keshoye. Jukwaa la ujenzi lilikatika, ghorofa ya tisa. Mwili wa Doniyor ulikuwa ukingoja nauli. Basi pesa za dari zikasafirisha jeneza. Jirani abaki na tabaka zake mbili.

Mkate ukabaki kipande kimoja.

"Nikikichoma, linaondoka leo hii," alinong'ona Bibi Oyhon. "Likikimaliza lenyewe, sijui litataka nini tena. Na una binti humu ndani."

"Mama, kichomwe," Muattar akamvuta mkono. "Nakuomba."

"Mtoto kafika na njaa, nimchomee mkate?"

Akawasukuma binti yake na mganga nje, akafunga mlango. Muattar aliona yote kwenye ufa: mama akikichukua kile kipande, akikiweka kwenye kiganja na kukinyoosha mbele ya ukuta mtupu, akisema, "Kula, mwanangu, kisha uende, dada yako anaogopa," na kipande kikipungua, ukoko, kisha ulaini wake wa ndani, kisha makombo, hata meno yakafika kwenye ngozi ya kiganja, ngozi ikabonyea mistari miwili yenye nafasi katikati, ikabonyea zaidi, na mama hakuutoa mkono, wala hakupumua.

Meno yakaachia. Harufu ikakatika kama uzi.

Mama alipotoka hakuwa na jeraha. Alikaa uani, kiganja wazi, na hakukifumba hadi jioni, na hakuna aliyethubutu kumwambia akifumbe.