Dau la Kijiti

Kijiti akirudi kutoka shule hakukaa. Alivua sare na kuitundika nyuma ya mlango, akaosha bakuli lake la mchana, kisha akavuka ua mpaka kwenye duka la mjomba wake, ambalo lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Jina la Kijiti msichana huyo alipewa na wenzake darasa la sita kwa sababu ya wembamba wake. Mwanzoni lilimuudhi. Baadaye aliamua kulichukua, kwa kuwa wote waliomwita hivyo walikuwa wameshindwa kumpinda.

Mjomba alikuwa fundi wa simu na redio. Upande mmoja wa meza yake ulijaa bisibisi, nyaya na simu zilizofumuliwa. Upande wa pili, juu ya kitambaa cheusi, zilikaa sarafu za kale za Uingereza. Biashara hiyo aliianza kwa mkebe mmoja wa sarafu alioachiwa na baba yake. Alipoona kuna watu wanazitafuta, akanogewa. Sasa alinunua mafungu katika mnada wa mtandaoni, mifuko mizito ya peni na shilingi zilizochanganyika, akazichambua, na zile nzuri akazirudisha mnadani moja moja, kila moja na picha zake.

Uchambuzi ulikuwa kazi ya Kijiti, naye aliiweza. Alishika sarafu kwenye kingo, kamwe si usoni, kwa sababu jasho la vidole huacha alama. Hakusugua hata moja. Watu wasiojua wakiona peni imekuwa nyeusi huisugua kwa majivu au dawa ya meno mpaka ing'ae, na hapo wameiharibu kabisa, maana wakusanyaji huitaka na rangi yake ya uzee. Kijiti aliigeuza peni chini ya kioo cha kukuzia, akamtazama yule mwanamke aliyeketi na ngao na mkuki wa ncha tatu, kisha akateremsha macho hadi kwenye mwaka ulioandikwa miguuni pake.

Kwa kazi hiyo mjomba hakumlipa. Alimruhusu tu kujichagulia peni moja ya kawaida katika kila mfuko. Hivyo ndivyo Kijiti alivyokusanya peni za mfalme mwenye ndevu, mwaka baada ya mwaka. Aliyoitamani hasa ilikuwa moja tu: peni ya mwaka 1919 yenye herufi KN. Peni nyingi za mwaka huo hazina herufi yoyote. Chache zina hizo mbili, ndogo mno, kushoto kwa mwaka, alama ya kiwanda kilichozipiga. Kijiti aliiona picha yake mnadani, na tangu siku hiyo kila mfuko ulipofunguliwa aliitafuta hiyo kwanza.

Siku moja ikatoka. Alikuwa amefika karibu na chini ya mfuko, mikono imemchafuka kwa vumbi la shaba, alipoona K, kisha N. Alikiweka kioo chini, akafuta macho, akaangalia tena. Mjomba alisogea, akainama juu ya bega lake. Kisha akasema kwa upole kwamba hiyo si katika zile za kujichagulia. Hiyo ingekwenda mnadani.

 Mjomba alimwona Kijiti alivyoikazia macho, akavuta kigoda na kuketi karibu yake. Huenda wangeelewana, alisema. Alikuwa na sarafu nyingine mnadani wakati huo, nusu krauni ya fedha ya Malkia Viktoria, yenye uso wa malkia akiwa bado kijana. Tatizo, ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, mtu aliyejiita Reli. Mnada wa mtu mmoja, alieleza mjomba, husinzia. Angetokea wa pili wa kumpandia, bei ingeamka. Mama yake Kijiti alikuwa na akaunti humo, aliyofunguliwa na mjomba zamani aliponunua cherehani, na simu yake aliiacha nyumbani kila siku, kwa kuwa chumba cha kufulia cha hospitali alikofanya kazi hakikuruhusu simu. Kijiti aweke dau kwa akaunti ile. Reli akipanda, apande tena. Akifanya hivyo, peni ya KN ni yake.

Kijiti aliuliza kama jambo hilo si baya. Mjomba alicheka, akasema wafanyabiashara wote huchangamsha minada yao, na mnunuzi asiyetaka hashikiwi fimbo.

Basi Kijiti akaichukua simu ya mama, akaketi uani, akaweka dau. Reli akapanda. Akaweka tena, na Reli akapanda tena, na kusema kweli ilimfurahisha, kama mchezo wa kufukuzana. Alipokuwa akijiandaa kuweka la tatu, ujumbe ukatokea chini ya picha ya sarafu, mahali ambapo wanunuzi wote huona:

"Ndugu mshindani, mimi ni dereva wa treni mstaafu. Hii nusu krauni nimeitafuta miaka mingi. Hapa nilipofika ndipo uwezo wangu unapoishia. Kama unaipenda kuliko mimi, ichukue kwa amani."

Kijiti alisoma, akarudia. Hakuipenda nusu krauni ile. Hata hakuijali. Alitazama mikono yake juu ya simu ya mama yake, na mchezo ukamtoka.

Mjomba alimwita kutoka dukani kuuliza kama Reli amepanda tena. Kijiti alisimama, akaenda hadi kwenye meza, akamsomea ujumbe wote. Mjomba alisema wazee wa mnadani hulialia hivyo ili waachiwe.

"Weka la mwisho," akasema. "Yeye bado ana akiba, mimi nawajua. Weka moja tu, peni uichukue leo hii."

"Peni naitaka, Mjomba. Lakini siweki."

"Unaniogopesha kwa macho hayo?"

"Hapana. Siweki tu. Na yale mawili niliyoweka umwambie ukweli, bei irudi ilipokuwa."

Mjomba aliweka bisibisi chini. Alimkumbusha alikuwa anazungumza na nani, kwamba hajafikia kumfundisha mtu mzima biashara, na kwamba peni ya KN kuanzia saa ile aisahau. Kijiti alisema ameshasikia. Alirudi uani, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akaandika chini ya ujumbe wa dereva wa treni:

"Madau mawili yaliyokupandia ni yangu. Mimi ni mpwa wa muuzaji. Sikutaka kununua, nilikuwa nakupandishia bei. Usiongeze kitu."

Binamu yake, binti wa mjomba, alikuwa anaanika nguo karibu. Walimwita Redio kwa sababu hakuna aliyejua pa kumzimia. Alichungulia juu ya bega la Kijiti, akasoma, kisha nguo iliyokuwa mkononi ikamdondoka. Alimshauri aufute ujumbe huo kabla baba yake hajauona. Kijiti akabonyeza, ukaenda.

"Haya," akasema Redio. "Hiyo peni sasa utaiona kwenye picha."

Jua halijazama, wasimamizi wa mnada waliuona ujumbe ule, wakausimamisha uuzaji. Akaunti ya mjomba ikafungwa kwa mwezi mmoja, na ya mama pia. Mama alipoingia kutoka kazini, nguo zake bado zikinukia sabuni ya hospitali, alimkuta kaka yake amesimama katikati ya sebule. Mjomba alisema mengi. Alisema ameaibishwa mbele ya wanunuzi wa dunia nzima na mtoto anayemlea chini ya paa lake, na kwamba kama dada yake hatamwadhibu, atamwadhibu yeye.

Mama alifungua kilemba chake taratibu, akaketi, akamtaka Kijiti aeleze tangu mwanzo. Kijiti alieleza yote, na yale madau mawili hakuyapunguza.

"Uliyaweka kwa jina la nani?" mama aliuliza.

"Lako, Mama."

Mama alimgeukia kaka yake, ambaye ghafla alipata cha kutazama dirishani.

"Kaka, nafua mashuka ya wagonjwa nisiowajua, na hakuna aliyewahi kuniambia nimemwibia hata kifungo cha shati. Jina langu ndilo pekee nililonalo lisilo na doa. Wewe umeliingia bila hodi."

Mjomba alisema wasilikuze jambo. Mama alisema halijakuzwa, ndivyo lilivyo. Kisha akamgeukia binti yake. Kwa kutumia simu yake bila ruhusa, na kwa yale madau mawili, atafua nguo za nyumba nzima mpaka mwisho wa mwezi. Kijiti alikubali bila kununa, kwa sababu hilo alilistahili. Kuhusu ule ujumbe kwa dereva wa treni, mama hakumpa adhabu yoyote, na mjomba alilitambua hilo akatoka akiburuta viatu.

Kijiti akafukuzwa dukani. Mwezi ule wote alipita mbele ya mlango wake kichwa juu. Kila asubuhi alimwamkia mjomba, "Shikamoo," na mjomba aliitikia akiitazama bisibisi yake. Redio alimsihi aende akaombe radhi, hata kama hajisikii, mradi arudi kwenye kiti chake. Kijiti alisema radhi ya simu amekwisha kuiomba kwa mwenye simu. Ya kusema kweli hataiomba, hata kiti hicho kikipakwa dhahabu.

Akaunti ya mjomba ilipofunguliwa, alirudisha nusu krauni mnadani. Haikupata dau hata moja. Kulikuwa na swali tu, kutoka kwa Reli: "Yule mpwa wako ameiona sarafu hii? Aniambie yeye ilivyo." Mjomba alilipuuza. Siku zikapita, na sarafu ikalala vile vile. Mwishowe alikuja akasimama kwenye mlango wa jikoni, akauambia mwimo wa mlango kwamba kuna mtu anahitajika dukani.

Kijiti alikausha mikono, akaenda. Aliiweka nusu krauni chini ya kioo, akaigeuza polepole. Nyuma ya shingo ya malkia kulikuwa na mchubuko mdogo ambao picha za mjomba ziliuficha kwa namna mwanga ulivyopigwa.

"Nitauandika huu," alisema.

Mjomba alisema mchubuko huo utakula bei.

"Basi ule, Mjomba. Kwani si upo?"

Mjomba alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamsogezea simu. Kijiti aliandika kuhusu mchubuko, akapiga picha nyingine yenye kuuonyesha, akaongeza kwamba kwingine kote sarafu ni nzima na haijasuguliwa. Siku ile ile Reli aliweka dau. Mtu mwingine, wa kweli, akampandia, Reli akapanda tena, akashinda. Haikufika bei aliyoiota mjomba, lakini ilizidi sana ile aliyonunulia.

Mjomba alikuwa na furaha yenye haya kidogo. Alifungua droo, akaitoa peni ya KN na kuiweka juu ya kitambaa cheusi mbele ya mpwa wake. Alisema waachane na yaliyopita, aichukue.

Vidole vilimwasha Kijiti. Aliitaka peni ile kuliko kitu chochote kilichokuwa katika nyumba ile. Akaisukuma nyuma kwa ncha ya ukucha.

"Hiyo ulinipangia kwa ajili ya yale madau, Mjomba. Siwezi kuitazama bila kuyakumbuka. Iuze. Mimi nilipe kwa kuchambua, kama unavyomlipa fundi mwenzako ukimpa simu atengeneze. Ya kwangu nitaitafuta mwenyewe."

Mjomba alinung'unika kwamba mpwa huyu atamfilisi, ila akamlipa, na tangu hapo akamlipa kila mfuko. Peni ya KN ikaenda mnadani, ikanunuliwa na mtu wa mbali, na Kijiti mwenyewe ndiye aliyeifunga kwenye kifurushi.

Fedha zake zilipofikia kiasi, alimwomba mama ruhusa ya kutumia akaunti yake, mama akiwa ameketi pale pale. Peni ya KN ya kwanza aliyoiona mnadani, alizidiwa dau. Redio aliruka ruka akimtaka apande kidogo tu, kidogo tu. Kijiti alisema kikomo chake kilikuwa pale, akaacha. Ya pili ikamkimbia pia. Ya tatu ilikuwa imechakaa, uso wa mfalme karibu umefutika, lakini muuzaji alikuwa ameyaeleza yote hayo bila kuficha, na herufi mbili zilisomeka. Akaweka dau. Hakuna aliyempandia.

Ilipofika, mjomba alikuja kuiona. Aliishika kwenye kingo, akaiinamia kwa kioo.

"Ile yangu ilikuwa nzuri zaidi," akasema.

"Ile yako ilikuwa na masharti," akajibu Kijiti.

Redio alicheka mpaka akaketi chini. Mama hakucheka. Alimwita Kijiti karibu yake, akamwambia maneno haya:

"Mwanangu, mtu anayetaka kukununua hatakuletea kitu usichokipenda. Atakuja na kile kile unachokiota. Siku hiyo hutajisikia shujaa, utajisikia mpumbavu, na wenzako watakwambia hivyo. Kataa tu. Mtu mzima akikutuma kazi, nenda. Akikutuma uongo, mwamkie vizuri, halafu usiende, hata akiwa mjomba, hata akiwa mimi."

Kijiti alisema amesikia. Mjomba, aliyekuwa bado amesimama na kioo mkononi, akakohoa kidogo, akasema na yeye amesikia.