Dhahabu ya Mtemi Aizirek

Kila alipotoka shuleni, Aizirek alifanya mambo matatu kabla hata ya kuvua koti. Aliingiza ng'ombe zizini, akavunja barafu iliyofunika pipa la maji, kisha akamsomea bibi yake ujumbe ulioingia kwenye simu. Macho ya Bibi Saikal yalikuwa yameshindwa na herufi ndogo, kwa hiyo simu pamoja na namba yake ya siri vilikuwa mikononi mwa mjukuu huyu wa miaka kumi na miwili. Mama yake Aizirek alifanya kazi ya usafi huko Urusi, na alituma pesa kila mwisho wa mwezi.

"Mama yako ametuma za makaa?" bibi aliuliza jioni moja ya Oktoba.

"Ametuma, bibi. Som elfu kumi na mbili."

"Ziache humo humo. Toktosun akileta lori la makaa tutamlipa."

Kule At-Bashy, kijijini kwao milimani, baridi haina mzaha. Nyumba isiyo na makaa ya mawe mwezi wa Januari haikaliki. Aizirek alilijua hilo tangu akiwa mtoto mdogo.

Wakati huo nusu ya darasa lao walikuwa wamenaswa na mchezo mmoja wa simu. Kila mchezaji alikuwa mtemi wa zamani, enzi za farasi na panga, naye alipaswa kukuza nchi yake. Nazik, aliyekaa naye dawati moja, alipata mji mzuri kando ya njia ya misafara. Aizirek alipata bonde lenye vijiji viwili, mnara uliobomoka upande mmoja, na hazina ya vipande kumi na saba vya dhahabu.

Alihangaika kweli kutafuta pesa. Alipandisha kodi, wakulima wakahama. Akaishusha, akakosa mishahara ya askari. Aliuza farasi wanne ili ajenge soko, lakini soko lilihitaji vipande arobaini, naye hakuvifikisha. Mwisho alijishusha akamwomba Nazik amkopeshe dhahabu ajenge walau ukuta wa kulinda vijiji vyake.

"Mtemi mzima unakuja kuomba hela ya ukuta?" Nazik alisema mbele ya wenzao. "Hiyo si nchi, ni zizi la mbuzi."

"Watu wangu wakivuna nitakulipa."

"Wavune nini, mawe? Wiki hii nakuja kulichukua hilo bonde. Jiandae."

Darasa likacheka. Aizirek alijilazimisha kucheka pia.

Jioni ile mchezo ulimwonyesha njia mbili. Angeweza kuwanyang'anya wakulima mbegu na kuziuza, au anunue sanduku la dhahabu kwa pesa halisi, som mia mbili na tisini. Alizifikiria zile familia za kwenye simu zikifa njaa, akazionea huruma. Akabonyeza sanduku.

"Nitazirudisha," alijiambia, ingawa hakuwa na pa kuzipata.

Ukuta ukajengwa. Nazik akaongeza askari, na Aizirek akanunua sanduku jingine ili awe na wake. Zikapita wiki tatu za kununua sanduku juu ya sanduku. Bibi aliuliza mara kwa mara, "Pesa zipo?" naye alijibu, "Zipo," bila kuinua uso. Usiku alihesabu siku zilizobaki kabla ya lori kuja, na kila asubuhi alikusudia kusema ukweli. Kila asubuhi bibi alimmiminia chai ya maziwa na kumpa kipande kikubwa cha mkate, na maneno yakarudi tumboni.

Theluji ilianguka mapema mwaka huo. Lori la Toktosun likasimama mlangoni.

"Mama Saikal, makaa yanagombaniwa," Toktosun alisema akipangusa mikono. "Huu mzigo nimekuwekea wewe."

"Mungu akuzidishie. Aizirek, mlipe."

Aizirek alisimama na simu mkononi. "Mtandao umegoma," alisema.

"Wangu unafanya kazi," Toktosun alijibu. "Lete nione." Akaichukua simu, akatazama salio. "Mama, humu kuna elfu moja mia mbili na sabini tu."

Bibi alishika mwimo wa mlango. "Haiwezekani. Mtoto ananiambia zipo."

"Basi kuna mtu amewaibia. Siku hizi wezi wanaingia kwenye simu za watu. Twende polisi."

Mwizi asiyejulikana. Angenyamaza tu, na mambo yangeishia hapo. Lakini bibi alikuwa tayari anajifunga mtandio kichwani, machozi yakimtoka.

"Kosa ni langu," bibi alikuwa akisema. "Mama yake anapiga deki usiku na mchana, halafu mimi na macho yangu haya nimeshindwa hata kulinda pesa zake."

"Bibi, usiende," Aizirek alisema. "Mwizi ni mimi."

Aliwaeleza yote, tangu bonde na mnara hadi sanduku la mwisho. Toktosun alikuna kidevu, akasema ana watu wengine wanaongoja, akaondoka na lori lake.

Bibi aliuvua mtandio, akakaa. Kisha akauliza, "Na hao watu wa huko kwenye bonde lako. Wamekula?"

"Wamekula, bibi."

"Wana kuni?"

Aizirek alilitazama jiko lao lililokuwa linaishiwa moto.

Jioni bibi alimpa simu ampigie mama yake. "Useme mwenyewe," alisema. "Mimi sitakusemea."

Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa nimeweka nauli," mama alisema. "Nilitaka kuja Machi, nisiwaambie. Nitaituma iwe ya makaa." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Sasa hatutaonana Machi, mwanangu."

Walifunga vyumba viwili, wakahamia kimoja. Aizirek aliufuta mchezo ule. Kila alasiri alibeba gunia na kuzunguka malishoni akiokota samadi kavu ya ng'ombe ya kuchoma jikoni, hadi vidole vikapasuka. Nazik alimkuta siku moja, akauliza mbona bonde limepotea. Aizirek alimweleza ukweli. Nazik hakucheka, alishika upande mmoja wa gunia, wakaenda nalo.

Baada ya siku kumi na tatu Toktosun alileta makaa. Bei ilikuwa imepanda, kwa hiyo yalikuwa tani moja tu; yangetosha kama wangeendelea kubaki chumba kimoja. Aizirek alibeba ndoo baada ya ndoo. Alipomaliza, bibi alimkalisha karibu na jiko, akamsafisha vidole kwa maji ya vuguvugu.

"Kutafuta pesa si aibu, mjukuu wangu," alisema. "Hata kukosea nimeshakosea mimi mara nyingi. Ila siku ya sanduku la kwanza ungesema, tungekuwa tumepoteza mia mbili na tisini. Kila uliposema 'zipo,' ulichukua siku moja ya mama yako ya kurudi nyumbani. Ukiharibu jambo, sema likiwa bado dogo. Aibu yake utaiweza. Hii tuliyo nayo sasa, mama yako ndiye anayeibeba."

"Nisamehe, bibi."

"Nilishakusamehe. Sasa mwandikie barua kwa mkono wako. Mwambie makaa yamefika."